Safari ya Puerto Rico Aliyoipanga Mama

Mwaka ule bosi wangu aliniita ofisini akaniambia kuwa likizo yangu imerundikana, na nisipoichukua kabla ya kiangazi kwisha itapotea yote. Nilikuwa nafanya kazi maabara katika hospitali moja ya Houston, na tangu nianze pale sikuwahi kupumzika isipokuwa nilipojifungua. Wenzangu walikwenda likizo wakarudi na picha za milima na bahari; mimi ndiye niliyeshika zamu zao. Nilitoka ofisini mwa bosi kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua kuifungua.

Jioni nilimweleza mume wangu. Yeye ni Mkenya wa Nakuru, mtu mpole, ambaye jambo likimshinda hujikuna kidevu.

"Sasa hiyo likizo tutaenda nayo wapi?" akauliza, huku akijikuna.

Swali lilikuwa la haki. Karatasi zake za ukazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na wakili wetu alikuwa amemwonya mara nyingi kwamba akitoka nje ya mipaka ya Marekani huenda asiruhusiwe kuingia tena. Kwa hiyo Muheza kwetu Tanzania hakukuendeka, Nakuru kwao hakukuendeka. Kwa miaka kadhaa safari zetu zote zilikuwa za barabara ile moja ya kupanda kaskazini hadi Mansfield, karibu na Dallas, alikoishi mdogo wangu wa kiume, na kurudi kwa njia hiyo hiyo. Watoto wetu wawili waliamini dunia ina mwisho, na mwisho wake ni nyumba ya mjomba.

Wakili mwenyewe ndiye aliyetupa wazo. Nilimpigia kumuuliza kama kuna namna yoyote, naye akasema, "Mnataka bahari ya joto bila kuvuka mpaka? Nendeni Puerto Rico. Kwa sheria ni sawa na kwenda Dallas, ila katikati kuna maji."

Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Kisiwa cha joto, chenye minazi na maembe, ambacho mume wangu angekanyaga bila hofu! Sikuwa nimewahi kutaka kitu kwa ajili ya raha tu. Sisi tuliokuja kutafuta maisha, likizo kwetu ilikuwa ama kwenda nyumbani kuzika, kuoa na kugawa masanduku, ama kufanya kazi ya pili. Kwenda mahali ambapo hakuna ndugu, hakuna msiba, kukaa tu na kutazama maji, lilikuwa jambo ambalo hata kulitamka niliona haya. Mdogo wangu nilipompigia alicheka sana.

"Dada, mnakwenda kukaa tu?"

"Kukaa tu."

"Halafu nyumbani wakiuliza mnafanya nini huko?"

"Waambie tunakaa."

Nilimjibu kwa ujasiri ambao sikuwa nao. Na mtu wa kwanza kuukataa mpango, kwa upole lakini kabisa, alikuwa mama yangu, tuliyeishi naye.

"Nendeni nyie," alisema, akikunja nguo za watoto. "Mimi na magoti haya niende kufanya nini? Nitawalindia nyumba."

Inanipasa niseme mama yangu alikuwa nani. Kule Muheza alikuwa mfanyabiashara wa machungwa. Alikuwa akipita mashambani, ananunua matunda yakiwa bado mtini, kisha anayauza kwa watu wa malori waliotoka Mombasa na Nairobi. Alisema Kibondei cha kwao, Kisambaa cha majirani, Kiswahili cha watu wote, na Kikamba cha kutosha kumzuia dereva asimdanganye. Sauti yake ilitangulia mwili. Ukiwa dukani ulimsikia yuko mnadani, ukajua na bei ya leo.

Alikuja Houston baada ya mimi kujifungua mtoto wa pili, aje anisaidie kulea. Mwaka wa kwanza alijiandikisha kwenye darasa la Kiingereza la kanisani. Alihudhuria mara chache, kisha akaacha. Nilipomuuliza sababu akanijibu, "Mwalimu kanipa picha ya tufaha nipake rangi. Mimi, nipake rangi tufaha!" Hakurudi tena. Baada ya hapo akaanza kunyamaza. Tukiwa dukani, muuzaji alipotaka kumuuliza mama kitu alinitazama mimi. Wajukuu walimjibu kwa Kiingereza, naye akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Mwanamke aliyekuwa akisimamisha malori barabarani sasa alikuwa anauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kufungua dirisha. Nilijiambia ni uzee. Nilimwonea huruma, na nikaendelea na zamu zangu.

Mchana, watoto wakiwa shule, alitazama tamthilia za Kihispania. Antena yetu ilikamata vituo vya aina hiyo vingi kuliko vya Kiingereza, na sisi tulidhani anatazama nguo nzuri na machozi. Jioni alishuka ngazi kukaa na jirani wa chini, mama mmoja wa El Salvador ambaye watoto wake walikuwa wamekua na kutawanyika. Walichambua maharage pamoja, wakapelekana kwenye soko la Walatino kununua mihogo na ndizi mbichi. Siku moja nilimuuliza, "Mama, wewe na yule jirani mnaongea lugha gani?"

"Lugha ya watu," akanijibu.

Nilicheka, nisiulize zaidi.

Basi, tukaanza kupanga. Hoteli za kule bei zake zilikuwa za watu wengine, si zetu. Mume wangu akatafuta kwenye mtandao kazini kwake, akarudi na karatasi alizochapisha, picha zake zimefifia kwa wino mdogo. Moja ilikuwa ya nyumba ya ghorofa moja, ya rangi ya manjano, katika mji mdogo wa pwani uitwao Luquillo. Ilikuwa na baraza pana na vyungu vya maua. Mwenye nyumba aliandika maneno machache na namba ya simu.

"Hii," nilisema. Sikutaka hata kutazama nyingine.

Jumamosi moja mchana mume wangu akapiga. Aliongea Kiingereza polepole, kisha kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba kisiwa kile hakisikii vizuri. Upande wa pili sauti ya mwanamke ilijibu maneno mengi ya haraka. Mume wangu akasema, "Hello? Hello?" halafu akanipa simu. Mimi nilikuwa na kijitabu cha Kihispania cha watalii. Nikasoma sentensi moja ya kuuliza chumba. Mwanamke yule akafurahi, akamwaga maneno kama maji ya bomba lililopasuka, na katika yote nisielewe hata moja. Nikaomba radhi kwa Kiingereza, nikafunika simu kwa kiganja.

"Nitamwomba mtu kazini anisaidie Jumatatu," nikamwambia mume wangu.

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga.

"Hebu nipe huyo mama," akasema. "Anawaambia nyumba ipo, nyie mnampigia kelele tu."

Nilimpa simu kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Mama akaiweka sikioni, akavuta kiti, akakaa, akaanza kuongea.

Nakumbuka mume wangu alivyoacha kujikuna, mkono umebaki hewani. Mama alisalimia kwa urefu, kama anavyosalimia Mbondei mtu mzima asiyekuwa na haraka. Akauliza hali, nikajua ni hali kwa namna alivyoinamisha kichwa kusikiliza jibu. Akaitikia, akasikitika, akacheka. Hakikuwa Kihispania cha kitabuni, hata mimi nililisikia hilo. Alikuwa akisimama, akitafuta neno, akilizunguka kwa maneno mengine, na alipolipata aligonga meza. Lakini mwanamke wa upande wa pili alimsubiri. Hapakuwa na mtu aliyekuwa amemsubiri mama amalize sentensi tangu aje Texas.

Kisha akakunja uso. Akageuka kwetu.

"Anasema uani ana mti wa china. China ni nini?"

"Labda ni maua ya Kichina," mume wangu akajaribu.

Mama akarudi kwenye simu, akauliza. Akasikiliza kwa makini. Akauliza tena, huku akifanya mviringo kwa vidole kama mtu wa upande wa pili anamwona. Kisha akapiga kelele ya furaha iliyowatoa watoto chumbani.

"Ni chungwa! Wenyewe huko chungwa wanaliita china! Na jirani yangu hapa huliita naranja!"

Kutoka hapo mazungumzo yakawa ya miti. Nadhani walisahau kabisa habari ya nyumba. Mwenye nyumba alimtajia mti mwingine, mkubwa, wenye matunda ya kijani unayochemsha au kukaanga kama viazi, na mama akafumba macho akiusikiliza, kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Shelisheli. Wana mashelisheli." Sura yake siku ile siwezi kuisahau. Mwanamke aliyekuwa akinyamaza kwenye kona ya sebule yetu aliketi pale na simu kama mtu aliyeketi barazani kwake.

Alipokata simu, sote tulikuwa tumesimama.

"Nyumba ipo," akasema. "Ni yetu. Jikoni ana jiko la gesi, sufuria zipo, ila kisu chake ni butu, tuchukue chetu. Lakini ile wiki mliyoichagua haifai. Mji wa jirani wana sherehe kubwa, barabara zinafungwa, na kelele hazikomi. Amesema twende wiki inayotangulia. Nimemwambia sawa."

"Mama," nikasema, "tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Hicho Kihispania."

Alinitazama kama niliyemuuliza tangu lini anajua kupika. "Mnanikalisha hapa miaka yote hii mnafikiri nafanya nini? Yule jirani hajui Kiswahili. Mtu mmoja ilibidi ajifunze."

Mume wangu akauliza jambo ambalo mimi sikuwa nimeligundua. "Mama, umesema twende. Na wewe?"

Mama alikuwa keshaanza kurudi jikoni. "Chumba cha chini nimechukua mimi," akajibu bila kugeuka. "Kwa ajili ya magoti."

Tangu siku hiyo safari ikawa yake. Mimi nilikwenda kwa bosi kubadilisha wiki ya likizo, akakubali. Mume wangu alinunua tiketi. Lakini maswali yote yalipitia kwa mama, na si kila swali alikubali kulifikisha. Nilipotaka aulize kama kuna kiyoyozi akasema, "Hilo ni swali la kumdharau mtu. Nitamuuliza kama nyumba inapata upepo." Ikawa inapata upepo. Mume wangu alitaka kujua usalama. Mama akauliza kama watoto wa mtaa hucheza nje jioni, na jibu likaturidhisha zaidi ya tulivyotarajia. Kila Jumapili baada ya ibada ya Kiswahili alipiga simu, na alipomaliza alituita mezani kutupa habari. Mwenye nyumba ni mjane. Mguu wake wa kushoto humsumbua mvua ikikaribia. Ana mtoto mmoja wa kiume mwenye maneno mengi. Ufuko wa pale maji yake ni ya kina kifupi, mtoto anaweza kusimama. Nyuma ya mji kuna mlima wa msitu ambako mvua hainyeshi kwa ratiba, tuchukue viatu vya kufunga.

Jirani wa El Salvador naye akaingia kwenye kazi. Alikuwa anapanda ngazi jioni kumfanyisha mama mazoezi, maana alisema watu wa visiwani huongea haraka na humeza herufi. Nikirudi kazini nilizikuta sauti zao mbili zikishindana, mama akimeza herufi kwa makusudi na wote wawili wakicheka mpaka wakakohoa. Mwanangu wa kwanza, ambaye shuleni alikuwa ameanza kusoma Kihispania, siku moja alimwendea bibi yake na daftari. Alimwuliza kwa Kiingereza, mama akamwambia kwa Kiswahili, "Niulize kwa lugha ninayoijua." Mtoto akasimama kidogo. Kisha akauliza kwa Kiswahili, kwa kubabaika, akichanganya ngeli, lakini akauliza. Nilikuwa navua viatu mlangoni, nikabaki nimeshika kiatu kimoja.

Mwishoni mwa Mei, ile wikiendi ndefu yenye Jumatatu ya mapumziko, tulikwenda Mansfield kwa mdogo wangu. Alichoma nyama nyuma ya nyumba, akatukalisha kwenye viti vya kukunja, akaanza utani wake. Yeye ni mtu mwema lakini hamalizi mlo bila kumtania mtu.

"Mama, nasikia siku hizi wewe ni mkalimani. Sasa hicho Kihispania cha tamthilia kitakufikisha wapi? Ukifika utawaambia nini? 'Sikupendi tena, rudisha pete yangu'?"

Tulicheka sote, na mama alicheka kutuzidi. "Na hilo nalo nalijua," akasema, akalitamka kwa Kihispania, mkono kifuani, mpaka jirani wa ng'ambo ya uzio akageuka kutazama.

"Lakini kweli, Mama," mdogo wangu akaendelea, sasa bila utani. "Mnamtumia mtu msiyemjua malipo ya nyumba, kwa maneno ya simu tu, kwa lugha ya kuokoteza. Siku mkifika mkikuta mlango umefungwa? Na watoto? Mimi nisingekwenda."

Mama alinyoosha sahani aongezewe nyama.

Sijui kama ni bahati au ni nini, lakini simu ya mume wangu ililia dakika chache baadaye. Alisikiliza, uso ukabadilika. Alikuwa ameshajifunza kiasi cha kutambua jina la Luquillo na neno moja baya, la kwamba haiwezekani.

"Mama, ni yeye," akasema. "Na sauti yake si nzuri."

Mama aliinuka, akaenda na simu hadi kwenye uzio. Kwanza tulisikia salamu, ndefu kama kawaida, pamoja na hali ya mguu. Kisha akabaki anasikiliza. Mdogo wangu aligeuza nyama bila kuitazama. Nikaona mgongo wa mama unanyooka. Akaweka mkono kiunoni.

Halafu ikatoka ile sauti. Sikuwa nimeisikia tangu niondoke Muheza. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya mnadani, inayokwenda mbele bila kusukumana na mtu, ya mwanamke anayejua mzigo ni wake na lori litasubiri. Alisema sentensi fupi fupi. Alisimama, akasikiliza, akasema tena. Mdogo wangu akaweka chini koleo la kugeuzia nyama.

"Hiyo ndiyo sauti ya sokoni," akanong'ona. Alikuwa mdogo sana enzi zile za malori, lakini aliikumbuka.

Kisha, huko uzioni, mama akaangua kicheko. Kutoka kwenye simu tukasikia kicheko kingine, chembamba, cha mbali. Waliongea kidogo zaidi, wakaagana kwa maneno mengi, mama akarudi, akakaa, akachukua sahani yake.

"Mama, kuna nini?" tulimwuliza kwa pamoja.

"Subirini nimeze."

Akameza. Ndipo akatueleza. Yule mtoto wa kiume wa mwenye nyumba alikuwa amewaahidi watu wa harusi kutoka New York nyumba ile ile kwa wiki ile ile, na mwenye nyumba alikuwa ameona haya, akataka kuturudishia tulichotanguliza.

"Nikamwambia, dada yangu, mimi maisha yangu yote nimenunua machungwa yakiwa mtini. Chungwa likishanunuliwa si lako tena, hata kama bado linaning'inia shambani kwako na unaliona kila asubuhi. Akasema, lakini mwanangu amekwisha kuahidi. Nikamwuliza, mwanao ana mama? Akasema anaye. Nikamwambia, basi mwambie mama yake alitangulia kuahidi."

"Akasemaje?"

"Si mlimsikia akicheka? Watu wa harusi watalala kwa shangazi yao. Ana nyumba kubwa kuliko hii na hakuna aliyemkumbuka."

Mume wangu alianza kupiga makofi, watoto wakamfuata bila kujua vizuri wanashangilia nini. Mdogo wangu alishika tena koleo, akageuza nyama iliyokwisha kuiva zamani.

"Hiyo nyumba," akasema hatimaye, bila kututazama, "ina vyumba vingapi?"

"Kwa nini?" mama akauliza.

"Nauliza tu."

"Nitamuuliza mwenyewe," mama akasema, "kama ana nafasi ya mtu mmoja anayecheka lugha za watu."

Nafasi ilikuwepo. Mdogo wangu aliomba ruhusa kazini kwake, akapata, akapanda ndege yake Dallas, sisi tukapanda yetu Houston. Tulipotua, mume wangu alipita na sanduku lake katikati ya uwanja ule wa ndege, kando ya bahari nyingine kabisa, na hakuna aliyemsimamisha. Nje, joto lilitushika usoni, joto lenye chumvi. Alisimama akavuta pumzi. "Nimetoka Texas," akasema kwa mshangao. "Nimetoka kweli."

Mama alikuwa keshatutangulia. Alikuwa anaongea na dereva wa teksi, na dereva alikuwa anamfungulia mlango wa mbele.

Nyumba ilikuwa ya manjano kweli. Mwenye nyumba alikuwa amesimama barazani, mwanamke mnene mwenye nywele nyeupe na fimbo. Alituona tukishuka. Akamtazama dereva. Akatazama nyuma ya gari, kama kuna gari jingine linakuja. Mama akapanda kibaraza na khanga yake mabegani, akamsalimia. Yule mama akaziba mdomo kwa mkono, fimbo ikaanguka.

Baadaye mama alitueleza. Kwa miezi yote ile, mwenye nyumba alikuwa ameamini anaongea na Mmeksiko. Ndivyo Kihispania cha mama kilivyokuwa, Kimeksiko cha tamthilia kilichochanganywa na maneno ya El Salvador. Alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba bibi mmoja wa Meksiko anakuja na ukoo wake. Alipopata pumzi alimwuliza mama ametoka wapi hasa, mama akamwambia, akamchorea ramani hewani, Afrika yote, kisha kidole kikakaa mahali kilipostahili. Walikumbatiana palepale barazani. Mpaka jioni majirani walikuwa wamekuja mmoja mmoja kumtazama mwanamke wa Tanzania anayeongea kama watu wa kwenye televisheni.

Tulikaa. Kile tulichokwenda kufanya, ndicho tulichofanya. Mume wangu alilala mchana kweupe kwenye machela ya kamba barazani. Watoto walisimama kwenye maji hadi ngozi za vidole zikajikunja. Mdogo wangu alipanda ule mlima wa msitu, akarudi ameloa, akasema unafanana na msitu wa Amani kwetu Muheza, na kwa muda mrefu hakutania mtu. Mimi nilikaa mchangani sikufanya kitu, na hakuna aliyenihitaji. Ilinichukua siku mbili kuacha kutazama saa.

Jumapili mwenye nyumba alituomba tumsindikize kanisani. Sisi ni Waanglikana na wao ni Wakatoliki, lakini mama alisema misa ni misa. Kanisa lilikuwa limejaa, feni zinazunguka, akina mama wanajipepea. Mwisho wa ibada padri akasema jambo, watu wakageuka kututazama, na mimi, hata bila lugha, nikaelewa: wageni wasimame wajitambulishe. Kwa mazoea nikajiandaa kuinuka, niseme kwa Kiingereza kwa niaba ya wote.

Mama aliniwekea mkono begani, akanirudisha chini. Akainuka yeye.

Alishika benchi la mbele kwa mkono mmoja. Aliongea bila kuharakisha, na sauti yake ikafika mpaka kwa waliosimama mlangoni. Alimwonyesha mume wangu, akamwonyesha mdogo wangu, akanionyesha mimi, akawagusa watoto vichwani mmoja mmoja. Mahali fulani watu walicheka. Mahali pengine mwanamke mmoja mbele alijifuta macho. Alipomaliza, kanisa zima lilipiga makofi, na padri naye alipiga makofi.

"Umewaambia nini?" nikamnong'oneza alipoketi.

Alikuwa anajipanga khanga, uso umenyooka, umri umemwondoka kabisa.

"Nimewaambia ninyi ni wageni wangu," akasema. "Na kwamba bado hamjui lugha, wawavumilie."

Nje, baada ya misa, watu walipanga foleni kumshika mkono. Alimpokea kila mmoja, akauliza hali, akasubiri jibu. Sisi tulisimama nyuma yake juani, nimemshikia mkoba wake, tukitabasamu kwa kila aliyetugeukia.